Kabla Hujachagua Linux, Kiulize Kikompyuta Chako

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya sabini kule Ubaruku, mwanangu, kuku alipopewa maneno yaliyokuwa ya kuambiwa mimi. Subiri, nitakufikisha. Najua unataka jibu la hicho kikompyuta chako cha mkononi: Linux, hiyo programu unayosema huiendesha kompyuta, ziko za namna nyingi, kila rafiki anaisifu ya kwake, nawe hujui uweke ipi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, hiyo Linux naijua kwa kukusikia wewe. Ila kuchagua nakujua.

Tulitoka Idodi, mimi na mke wangu Anjelina, mtoto wetu wa kwanza akiwa mgongoni. Tukapata jaruba la mpunga pale Ubaruku, mwisho kabisa wa mfereji. Mpunga ukikataa, hatuna chakula, basi.

Sokoni Chimala nikakuta mbegu ngeni, punje ndefu, inanukia hata haijapikwa. Wali unaonukia, mwanangu, hata jirani asiyekusalimia hukusalimia siku hiyo. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Nikaibeba nyumbani, nikamwambia Anjelina ile mbegu ya zamani tuliyopewa na mama yake aitwange tule.

Mama yake mwenyewe alikuwa amekuja kututembelea. Kwetu Wahehe mkwe haongei na mama mkwe ana kwa ana, ni heshima. Basi akasimama nyuma ya jiko, akaongea na kuku.

"Wewe kuku, unasifu punje. Shamba umeliuliza?"

Nami nikamjibu kuku huyohuyo: "Mwambie mgeni, soko zima linaisifu."

"Kuku, mwambie mwenye shamba, soko halitakuja kumlisha mjukuu wangu. Na mbegu ya zamani haitwangwi kabla mpya haijazaa."

Anjelina akacheka mpaka mtoto akaamka. Mimi sikucheka. Nikaondoka kwenda kwa jirani yetu, mzee wa Kisangu aliyelima pale kabla yetu. Akaniambia maji ya mwisho wa mfereji hukatika mapema, na ile mbegu ngeni hukawia kukomaa.

Nikapanda ya zamani karibu jaruba zima, ngeni nikaipa kona moja tu. Maji yakakatika kama alivyosema. Ile kona ilisimama kijani kupita yote, lakini ukifikicha suke, mapepe matupu, punje hakuna. Kwingine kote tulivuna, tukala. Na mbegu yenyewe haikuwa mbaya, nisiisingizie. Wenzangu wa juu ya mfereji waliivuna wakafurahi. Kwangu tu ndipo hapakuwa mahali pake.

Namshukuru yule mama mpaka leo. Gunia la kwanza Anjelina alimpelekea, akarudi na salamu: "Mama anasema kuku ameshiba."

Basi mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Kijue kwanza kikompyuta chako, kina nguvu gani, kumbukumbu kiasi gani, na Linux ipi ilitengenezwa kwa aina yake. Ile mpya ijaribu kwenye kadi nyingine ya kumbukumbu, ya pembeni. Ya zamani usiifute mpaka uone mpya inawaka na kukufanyia kazi zako. Na uchague yenye watu wanaojibu ukikwama, hata kama haing'ai.

Mungu akuzungushie watu wasioogopa kukukataza, na ulichokichagua kikuzalie ungali na nguvu za kula.