Kamera ya Chumbani kwa Kaka

Namwandika mama aliyeitwa Kimya kwa sababu alisemwa vibaya, na mimi bado nina mdomo.

Alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuuguza watu majumbani. Kaka yangu alipopooza, Kimya ndiye aliyemgeuza, akamwogesha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Kaka hakuweza kutamka neno, lakini Kimya akiingia tu, uso unamkunjuka.

Mtoto wa kaka anakaa mbali. Akatuma fundi, akafunga kamera juu ya kabati, ile inayopeleka picha kwa mtandao mpaka kwenye simu yake. Kimya kila akimwogesha mgonjwa, anaitupia taulo.

Mtoto akapiga simu. "Shangazi, huyo mama anaficha nini?"

"Uchi wa baba yako."

"Mimi ni mwanawe! Nani mwingine anaona?"

Kimya, aliyeisikia sauti simuni, akadakia, "Mwambie sijui nani anaona. Ndiyo maana nafunika."

Akafukuzwa palepale. Nilibisha mpaka koo likakauka, lakini mwenye kulipa ndiye mwenye kusema. Akaja mwingine, akaambiwa asiiguse kamera. Hakuigusa.

Siku moja muuza duka akaniita pembeni, macho chini. "Bibi, samahani, tazama." Ndani ya simu yake, kaka yangu, uchi kama alivyozaliwa, anageuzwa. Mtaa mzima ulikuwa na video hiyo.

Nikamwita fundi. Kumbe kamera hizo zinatoka kiwandani na neno la siri moja, zote sawa, na anayefunga anatakiwa alibadilishe. Yeye aliliacha lilelile, maana wateja wanasahau halafu wanamsumbua. Basi yeyote anayelijua, popote alipo, anachungulia.

"Yaani umefunga mlango, ufunguo ukauacha nje?"

"Ndiyo, bibi."

"Wewe una baba?"

Akachomoa waya.

Lakini maji yalishamwagika. Vijana walipita dirishani wakimwigiza kaka kwa sauti. Ulimi wake ulikufa, masikio hayakufa. Akageukia ukuta, akakataa uji.

Nilimfuata Kimya kwake, akaja bila kuringa. Akamwinamia kaka: "Baba, ni mimi." Kaka akakaza meno, kijiko hakikupita. Tulimzika kaka, mwanawe akiwa bado njiani.

Alipofika msibani, alimshika Kimya mkono akilia. "Mama, mbona hukunieleza?"

"Nilikueleza, mwanangu. Ukanifukuza."