Nanga Isiyorushwa

Nahodha huyu hatii nanga kama wenzake. Wenzake hapa mto Niger huirusha, chubwi! abiria wakaloa. Yeye huzima mashine mapema, akauacha mtumbwi uteleze wenyewe, kisha huishusha nanga kwa kamba, taratibu, kama anayemlaza mtoto. Viganja vyake vina sugu kama nyayo, lakini chuma kile hugusa maji bila sauti. Yasigi, muuza vitunguu wa mji wa Mopti aliyekodi mtumbwi siku nzima ili apumzike, alishaona hivyo mara mbili tangu asubuhi, na mara zote alimchokoza, maana yeye ni wa kabila la Wadogoni na nahodha ni wa Wabozo, wavuvi wa mto huu; makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu.

"Wewe mla samaki, unaogopa kuwaamsha wajomba zako huko chini?"

"Nyamaza, mla vitunguu! Mdomo wako unanuka mpaka ng'ambo."

Mara ya tatu, kwenye kona yenye matete, Yasigi alimchokoza tena. Nahodha alifunga kamba, akavua kofia.

"Hapa palikuwa na makaburi yetu. Mto ukahama njia, ukayameza. Mama yangu yuko hapo chini."

Yasigi alichukua kikombe chake cha chai. Msibani kazi ya mtani si kulia. Akainama, akamimina chai yake majini.

"Mama, mtani wako nimekuja. Huyu mwanao hukumfunza kupika kabisa. Samaki wa mchana kawaunguza wote!"

Nahodha akaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho machozi yakapata njia.