Vikombe vya Kunywea, Si vya Pambo

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye Mungu alimchukua miezi mitatu iliyopita, alikereza vikombe vya mbao kwa miaka ishirini na miwili, na kwa muda mwingi hakuna aliyevinywea. Watu walivinunua, wakavisifu, wakaenda navyo nyumbani kutilia kalamu. Kwa daktari wa meno alikuta kimoja kimejaa pamba. Alirudi amenuna.

"Kikombe kina mdomo, kina mkono," alimwambia baba. "Wanataka kiote miguu kiwafuate mezani?"

Basi mwenye mkahawa wa pale kona, tuliyemwita Mama Birika, aliposema anataka vikombe arobaini, shangazi alitembea akicheka peke yake mpaka mwendesha baiskeli akasimama kumuuliza kama ni mzima. Sharti lilikuwa moja: alete kimoja kwanza, kimiminiwe chai ya moto, na chai ibaki chai. La sivyo Mama Birika atanunua vya udongo.

Shangazi hakuwa na wasiwasi. Alikuwa akivipaka nta ya nyuki, na mwaka mzima alikinywea chake bila shida. Ila yeye chai ilimpa kiungulia, hakuigusa kamwe. Alikinywea maji baridi. Chai ya Mama Birika ilipoingia, nta ikayeyuka, ikaelea juu kwa vijiduara vinavyong'aa.

"Shoga, hii ni chai au supu?"

Shangazi akaonja, midomo ikamng'aa. "Supu," akakiri, wakacheka wote wawili hadi wateja wakageuka.

Nyumbani hakucheka. Alikaa kitandani na aproni yake yenye vumbi la mbao, akanishika mkono tukaomba. Hakuomba makubwa. "Ee Mungu, mtu mmoja tu akinywee." Kisha akainuka, akaita ukoo mzima jikoni, tukawa watu wa kunusa na kuonja kila alichopaka badala ya nta.

Mafuta ya alizeti yalipendeza siku chache, halafu kikombe kikaanza kunata. Baba, ambaye pua yake ilijua ulikula nini jana, alikirudisha mezani. "Dada, hiki ni kikaango." Cha vanishi alikionja mara moja tu. "Hapa nakunywa kabati." Mama yangu alijaribishwa chai nyingi hata tukawa tunapishana naye mlangoni mwa choo, naye akasema, "Wifi, ukimaliza kazi hii nami nikaushe juani."

Shangazi alisikia kwamba mafuta ya mbegu za kitani hukauka ndani ya mbao na kuwa magumu. Nikamsindikiza kwa muuza rangi. Alinusa kopo, akauliza limetiwa nini.

"Dawa ya kukausha upesi. Mafuta haya ni ya milango, mama."

"Na mtu akinywea?"

"Nani ananywea mlango?"

Alicheka akashikilia kaunta, lakini kopo alilirudisha. Alisema asichoweza kulamba yeye hatampa mtoto wa mwenzake. Mafuta yenyewe, yasiyo na kitu ndani, aliyapata kwa muuza dawa za mitishamba, ambako watu huyanywa kwa kijiko. Akalamba pale pale dukani, akakunja uso, akanunua chupa.

Alipaka kidogo, akafuta mpaka kitambaa hakichukui kitu, akavipanga vyote arobaini dirishani vipate jua na hewa. Mara nne hivyo, na kila mara kusubiri. Siku ya kumi alitaka kuvipeleka. Baba akanusa, akatikisa kichwa.

"Bado."

"Wewe ni adui wa maendeleo."

"Bado, dada."

Ikabidi aende kumwomba Mama Birika mwezi mzima zaidi, na ninavyomjua, kuomba muda kulimuuma kuliko jino. Mama Birika akampa, kwa sharti kwamba asimletee supu tena. Mwezi ule alinusa vikombe kila asubuhi baada ya sala, akiviita "waheshimiwa". Siku baba alipotia pua ndani, akavuta pumzi, akasema "Sisikii kitu," shangazi alimbusu kwenye upara.

Mama Birika alimimina chai katika cha kwanza, akatazama juu yake, akaonja, akanywa yote. Akasema, "Leta thelathini na tisa."

Juma lililofuata tulikaa pembeni mkahawani, mimi na shangazi. Dereva wa lori akaletewa chai katika kikombe cha shangazi. Hakukisifu, hakukigeuza kutazama kitako. Alikunywa huku akisoma gazeti, akakitua, akamwambia mhudumu, "Ongeza." Shangazi alinifinya paja kwa nguvu. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika kwa kicheko, machozi yanamtoka, na yule dereva hakuinua hata macho.