Nusu Pakiti ya Unga Huko Ncha ya Kaskazini

Mimi nimeishi Ncha ya Kaskazini. Usicheke. Iko mwendo wa saa mbili kusini mwa Riyadh, jangwani, imezungushiwa ua wa waya, na ndani yake kuna ghala la baridi ambalo ukipiga chafya, chafya inaanguka sakafuni na kuvunjika. Nje jua linakaanga mayai juu ya boneti, ndani ni nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Hiyo ya nyuzi sikuitia chumvi. Ilikuwa imeandikwa mlangoni.

Jina la Ncha nililitoa mimi, maana kati yetu wanane ni mimi niliyekuwa na jiografia. Niliisomea shule ya usiku, baba wa watoto wawili, magoti nimeyakunja chini ya dawati la darasa la tatu. Mwalimu alituambia kuna watu huenda kufanya kazi barafuni msimu mzima, nyumba moja, nyuso zilezile, na kwamba baridi wanaizoea, ila hawazoeani wao kwa wao. Watu wazima hununiana mwezi mzima kwa ajili ya kijiko. Nikaandika kwenye daftari nikidhani litatoka kwenye mtihani. Halikutoka. Nililikuta huku.

Msimu wetu ulikuwa miezi ya kabla ya Ramadhani, kuku waliogandishwa wanapokuja kwa malori kutoka bandari ya Jeddah, wengi hata nikadhani hakuna jogoo aliyebaki duniani. Tuliingia wawili wawili, nusu saa, tukatoka. Mtu peke yake haingii. Sababu ni pua. Pua ikianza kuganda huisikii, inabadilika rangi tu, na wa kuiona ni mwenzako. Kwa hiyo kila dakika chache mnatazamana usoni kama wachumba.

Halafu kulikuwa na desturi ya glavu. Kila mtu alikuwa na pea mbili. Ukiwa ndani, walioko kwenye chumba cha joto wanakuwekea pea ya pili juu ya hita, ukitoka unaivaa ikiwa moto. Hakuna aliyetuamrisha. Ilikuwa ndiyo salamu yetu.

Na Ijumaa ilikuwa ugali. Basi la kampuni lilitupeleka Manfuha, mtaa wa Riyadh, tukanunua unga kwa mama mmoja wa kwetu, na mzee wetu, Mkamba wa makamo aliyewahi kuwa katekista, akausonga kwenye sufuria moja tukala wote. Kisha basi likaharibika. Ijumaa moja, ya pili. Ikabaki nusu pakiti, mzee akaiweka juu ya kabati. "Hiyo ni ya Ijumaa ijayo," akasema. "Basi lije, lisije."

Jumatatu homa ikanishika. Niliachwa kitandani siku tatu natetemeka hata kitanda kikasogea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Tumbo likakataa kila kitu ila uji. Nikapika kikombe kimoja. Kisha kingine. Basi likipona nitairudisha, nikajiambia, na nani atajua? Siku ya tatu pakiti ilikuwa tupu. Mchana huo nikalala usingizi wa mgonjwa, sufuria nimeiacha na ukoko.

Ijumaa ikafika, basi halikufika. Mzee akanyoosha mkono juu ya kabati. Akapapasa. Akapanda kiti, akatazama, akashuka polepole.

"Unga uko wapi?"

Kisha Nakuru, kijana wa foklifti tuliyemwita kwa mji wake, akamgeukia mwenzake wa zamu, mtu mpole tuliyemwita Tanga.

"We Tanga, si nilikuona Jumatano ukiosha sufuria ya ugali? Mchana, ulipotoka kuswali?"

"Niliosha, ndiyo. Niliikuta chafu."

"Ya nani?"

Tanga akazishika ndevu zake, akazichezea. Moyo wangu ukapiga kelele hata nikakohoa kuufunika. Na hapo, badala ya kusema maneno mawili, mimi nikafungua duka langu la hadithi.

"Watu wa pwani msiwadharau!" nikasema. "Wanajidai wali, wali. Huyu ndugu yetu nimemwota nikiwa na homa, anakula sima kwa koleo, sima kama Mlima Kenya, theluji yake ni unga umemkaa kwenye ndevu!"

Walicheka wote. Nikapumua. Lakini kicheko kile hakikuisha vizuri. Kiliishia kwa watu kumtazama Tanga ndevu.

"Mwanangu, sema tu yaishe," mzee akamwambia.

"Sina la kusema, mzee wangu."

Jumamosi Tanga alipotoka ghalani, glavu zake zilikuwa sakafuni, mbali na hita. Akazitazama, akaziokota, akazivaa hivyo hivyo. Jumapili Nakuru akagoma kuingia naye. "Mimi na mwizi hatutazamani pua." Tanga akaomba mwenzake mwingine, naye akakataa. Mimi nilikuwa na mwenzangu tayari, na huo ndio udhuru nilioukumbatia kama blanketi.

Msimamizi wetu hakuwa mtu wa kuuliza mengi. Siku ya Jumatano alisimama mlangoni, akamwonyesha Tanga kidole, na kwa Kiarabu chetu cha ghalani, ambacho "mafi" ni hakuna na "halas" ni basi, akasema: "Huyu mafi rafiki, mafi kazi. Kesho gari, Riyadh, halas."

Kurudishwa Riyadh kwa wakala ni kurudishwa nyumbani. Na sote tulijua Tanga alikuwa anataka nini. Aliyemaliza msimu alihamishiwa ghala la Jeddah, na kutoka Jeddah kwenda Makka ni saa moja na ushei. Alikuwa na umra ya marehemu mama yake, aliyomwahidi akiwa bado anapumua. Hilo alituambia wiki ya kwanza, mara moja tu, kama mtu anayekuonyesha kitu kilicho kwenye kitambaa kisha akakifunga.

Jioni ile alikunja nguo zake. Shati, shati, kikoi. Hita ilikuwa inavuma. Nilikunywa chai tatu bila kuionja. Kila aliposhika nguo nilisema moyoni, akimaliza hii nitasema. Akamaliza zote. Akaanza kufunga zipu.

"Mimi ndiye niliyekula," nikasema.

Nakuru akaangua kicheko. "Ameanza huyu!"

"Kweli. Nilipika uji. Siku tatu."

"Na ulikunywa kwa ndoo, ama kwa tangi la maji?"

Wakacheka tena. Hata mzee akatikisa kichwa. "Una moyo mzuri, mwanangu, lakini usimbebee mtu dhambi kwa maneno matamu."

Jamani! Maisha yangu yote nimesema uongo mdogo mdogo wa kupendeza na watu wakaamini. Siku moja nasema kweli tupu, haina hata punje ya chumvi, wanaipigia makofi. Tanga alikuwa ameshika begi, hacheki, ananitazama.

Nikaketi chini, nikavua buti la kulia. Wote mnajua, au hamjui, kwamba ghalani tunapachika karatasi chini ya soksi kuzuia baridi ya sakafu. Nikaichomoa ya kwangu, nimeikata kwa umbo la mguu. Nikaiweka mezani. Ilinuka, nakiri, hata nzi wa Saudia nzima walipata habari. Lakini picha ya hindi ya ile pakiti ya unga ilionekana wazi, na unga kidogo ulikuwa umeganda kwenye mkunjo.

Hakuna aliyecheka. Mzee aliigeuza kwa ncha ya kijiko. Kisha akaenda kwenye hita, akachukua glavu zangu, akaziweka sakafuni. Akaweka za Tanga mahali pake.

"Ulijua?" nikamuuliza Tanga.

"Sufuria ilikuwa na sukari kama ya harusi. Nani mwingine hunywa uji hivyo?"

"Mbona hukusema?"

"Kaka, ningesema mimi, ungesimulia wewe. Mimi nina ukweli, wewe una hadithi. Wangemwamini nani?"

Asubuhi mzee alikwenda kwa msimamizi kumwombea Tanga abaki, akaambiwa sawa, lakini mwenzake wa zamu ni nani? Mwenzangu wa zamu alikuwa amenikimbia tangu jana. Nilibaki mimi. Tanga akafunga kofia yake, akanisukuma mbele.

"Zimwi likujualo," akasema. "Yalla, tangulia. Na pua nitakutazama, lakini mdomo usifungue."

Tulimaliza msimu hivyo, mimi nimenyamaza wiki saba, muujiza mkubwa kuliko theluji ya Riyadh. Tukahamishiwa Jeddah wote wawili, kwenye jasho lile linaloloanisha hata mawazo.

Siku ya umra yake alitoka chumbani na ihramu, mweupe, mpya. Akasimama mbele yangu, akanikabidhi pakiti ya unga ambayo haijafunguliwa.

"Nikirudi niikute."

Aliondoka siku mbili. Niliilinda kama yai. Aliporudi, kichwa amekinyoa, aliichukua kwanza, akaipima mkononi, akaigeuza chini juu, ndipo akanipa salamu.