Filamu Mbili kwa Uso wa Shosho

Safari hii ilianza kwa simu ya Wangari, muuguzi Mkenya niliyefahamiana naye kanisani huku ughaibuni. Mama yake alikuwa anarudi Nyeri Jumamosi, na tangu apasuliwe macho hakutaka flashi imkaribie. "Wewe na zile kamera zako za zamani, kuja umpige picha kabla aende," aliniambia. Nilikubali papo hapo. Nilikuwa na filamu mbili za kamera, za picha nyeusi na nyeupe, nilizotamani kuzishindanisha (namba ikiwa kubwa, filamu huhitaji mwanga kidogo): ya mia nne, ambayo ukiizidishia muda kwenye dawa ya kusafishia huhimili mwanga hafifu, na ya elfu tatu na mia mbili, iliyotengenezwa kwa ajili ya giza.

Alhamisi alasiri nilipanda treni ya Manassas kutoka Alexandria, ninakoishi, pamoja na watu wa maofisini, vitambulisho bado shingoni, wengi wakisinzia. Niliipakia kamera ile ya mia nne. Sikuwa na wasiwasi.

Manassas, Wangari alinichukua kituoni kwa gari. Sebuleni kwake, mama yake, Shosho kama Wakenya wengi wanavyomwita bibi, alikuwa tayari kwa sweta na kitambaa cha kichwani.

"Karibu, kijana. Hii ni picha ya kuweka juu ya jeneza, usinichekeshe."

"Mum, hiyo maneno achana nayo!" Wangari alimaka.

"Nimezika watu wengi wenye picha mbaya. Mimi sitaki."

Nilimketisha dirishani, jua la jioni likimpiga shavuni. Filamu hii ilimtaka atulie, naye alitulia kama jiwe.

Jua lilipozama nilibadilisha filamu, tukabaki na taa ya mezani. Wangari alikuja kumnyooshea kitambaa, akakifunga na kukifungua mara tatu. Shosho akamshika mikono. "Wagonjwa unawadunga sindano, leo unaogopa kitambaa?" Wangari aliangua kicheko, kicheko kikageuka kilio, akamlalia mama yake mapajani. Nilipiga bila kusita. Kwa ile ya mia nne, mikono ile, kwa kusogea, ingetoka kama moshi.

Nililala kwao, Ijumaa nikarudi kwa treni ya asubuhi, nikazisafisha filamu kwa dawa bafuni kwangu na kuchapa picha. Ya kwanza ilitoa kila kunyanzi, safi kabisa. Ya pili ilijaa chembechembe, lakini hakuna kilichoponyoka.

Jumamosi, kwenye uwanja wa ndege, niliwakabidhi picha. Shosho aliiinua ya dirishani, akaisogeza karibu na macho.

"Hii inanitosha." Kisha akaichukua ile ya taa ya mezani, Wangari akiwa mapajani. "Mbona hii ina mchanga?"

"Ndivyo filamu yake ilivyo, Shosho."

"Hiyo ni yangu, Mum," Wangari alisema, akaichukua na kuikumbatia kifuani.

Nilikwenda Manassas kutafuta mshindi. Sasa mtu akiniuliza filamu ipi ni bora, namuuliza kwanza picha ni ya nani.