Fundi Cherehani na Visiki vya Masaka

Shafiq hakuwa mkulima, wala asingekuambia kuwa ni mkulima hata ungemkuta na jembe begani. Alikuwa fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waislamu wa Kigali ambao wenyeji huwaita Waswahili, mtoto wa fundi cherehani, mjukuu wa mtu aliyepanda kutoka Ujiji na mafurushi ya nguo, akaoa Kigali na kusahau kurudi. Katika ukoo huo udongo ulikuwa kitu cha kukung'uta viatuni. Basi alipopata kipande cha ardhi kule Masaka, nje kidogo ya Kigali, juu ya mteremko unaotazama bonde la mafunjo, alifanya lile analofanya mtu wa mjini mwenye ardhi asiye na muda: alikijaza mikaratusi.

Tusimcheke sana. Mkaratusi hauombi palizi wala samadi, mbuzi hawautaki, na mjenzi wa Kigali hasimamishi nyumba bila nguzo zake. Shafiq alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya msikiti kwa miaka mingi, yeye na mkewe Kabagwira na binti yao Umulisa. Mpango wake ulikuwa mfupi: miti ikomae, auze nguzo, ajenge nyumba yake mwenyewe palepale Masaka. Kila alipokwenda kuitazama aliikuta imeongezeka kimo, akarudi mjini akipiga mluzi.

Chini kidogo ya mpaka wake palikuwa na chemchemi. Haikuwa kubwa, ila wanawake wa mteremko ule hawakukumbuka siku iliyowanyima maji. Aliyekuwa karibu nayo kuliko wote ni Nyirarukundo, mjane aliyelima maharage na mtama kwenye shamba aliloachiwa na mumewe, na mumewe mwenyewe amezikwa humo humo, penye migomba. Kiangazi cha mwaka 1990 chemchemi ilipungua. Watu wakasema ni jua. Oktoba vita vikaanza kaskazini, na kila mtu akawa na mengine ya kuhofia. Kiangazi kilichofuata chemchemi ikakauka kabisa, pakabaki tope lililopasukapasuka na nyuki wachache wakizungukazunguka.

Nyirarukundo akawa anateremka mpaka bondeni kuteka maji ya mafunjo, kisha anapanda na kidumu kichwani. Siku moja aliteleza, akaanguka, akavunjika mkono. Mwanawe aliyeishi Kibungo akaja na kauli moja tu, kwamba mama hawezi kukaa mahali pasipo na maji, atahama naye. Bibi akamwomba amwache kwanza mkono upone. Ulipoanza kupona hakwenda Kibungo. Alipanda gari, akashuka mjini, akaulizia Biryogo mpaka akafika kwenye baraza alikoshonea Shafiq.

Alikaa kwenye kigoda cha wateja, mkono umefungwa kwa kitenge, akamngoja amalize pindo la suruali. Ujanani aliwahi kufua nguo kwenye nyumba za mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Miti yako inakunywa maji yetu, Mswahili," akasema. "Yote. Kuja uone."

Shafiq alibisha kwa adabu, kama mfanyabiashara yeyote. Alimwita mukecuru, jina la heshima la bibi kizee, akamweleza kuwa miti huleta mvua, redio haichoki kusema hivyo, na kila mwaka serikali inahimiza watu wapande. Bibi hakubishana naye. Alikaa tu, akakaa, wateja wakaja wakaondoka, mpaka Kabagwira akatoka ndani na kumwambia mumewe afunge cherehani aende akaone.

Alikwenda, na kwa mara ya kwanza alilitazama shamba lake kwa chini badala ya kutazama vilele. Chini ya miti hapakuota hata jani moja la kumlisha mbuzi. Palikuwa na zulia la majani makavu yenye harufu ya dawa ya kifua, na chini ya zulia udongo mgumu kama sahani. Nyirarukundo alimpa jembe achimbe atakapo. Hakuona nyungunyungu, hakuona hata siafu. Bibi akamwonyesha jinsi mvua, kwa kukosa nyasi za kuishika, ilivyoteremka mbio na kuchukua udongo mweusi wa shamba lake kuupeleka bondeni, na jinsi maharage yake ya upande ule yalivyotoka manjano. Akamwambia pia kwamba zamani usiku vyura walipiga kelele mpaka mtu akasirike, na sasa angewalipa warudi kumkasirisha.

Bado Shafiq alikuwa na moyo wa kubisha. Akachimba kwenye mpaka, akakutana na mzizi, akaufuata akiufukua kidogo kidogo, kama mtu afumuaye mshono. Mzizi haukupinda kushoto wala kulia. Ulimpeleka moja kwa moja mpaka kwenye mdomo wa chemchemi iliyokufa, na hapo akaukuta umesambaa nyuzi nyuzi kwenye mawe. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma zaidi kwa sababu bibi hakumsimanga hata kwa neno moja.

Nyumbani hakula. Alimweleza Kabagwira yote, kwamba miti bado ni myembamba, ikikatwa sasa itafaa kuni tu, na nyumba waliyoingoja ndiyo imekwenda hivyo. Kabagwira alilia, kwa maana yeye ndiye aliyepika miaka yote kwenye ua wa kuchangia na familia tano. Alipomaliza kulia akapangusa uso.

"Sisi tumezoea kupanga, Baba Umulisa," akasema. "Yule bibi hajazoea kuhama."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Komini, yaani serikali ya eneo lile, ilitaka anayekata mti apande mwingine, naye akakubali. Wenye misumeno wakaja, mikaratusi ikalala, kuni zikachukuliwa, na fundi wetu akarudi Biryogo akiamini kazi imekwisha. Huo ndio ujinga wa mjini. Mvua zilipoanza, kila kisiki kilitoa machipukizi, na si moja, bali kichaka kizima. Alikuwa na miti mingi kuliko mwanzo, na yote ina kiu. Mkaratusi haufi kwa kukatwa. Sharti ung'olewe na mizizi yake, na mizizi yake haina huruma.

Mtu mmoja hawezi kazi ile. Shafiq akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani waje siku fulani wamsaidie, na wote wakaitikia, kwa kuwa huko mtu akiitwa kazini hakatai. Kabagwira alikesha akikaanga maandazi. Chai ya tangawizi ikabebwa kwenye chupa mpaka Masaka. Watu walikuja wengi, wakafukua kidogo, wakanywa chai, wakaisifu sana, kisha mmoja akakumbuka ng'ombe wake, mwingine akakumbuka mgonjwa, na kabla ya adhuhuri Shafiq alikuwa peke yake na masufuria. Aliyebaki kumpa pole ni Léonidas, kiongozi wa seli, yaani wa nyumba za mteremko ule, aliyekuwa akijizuia kucheka.

"Fundi, huku watu hawaji kwa chai," akamwambia. "Mwenye kuita watu analeta pombe ya ndizi. Ndiyo desturi."

Mkono mtupu haulambwi, na kwa watu wa mteremko mkono wenye chai ulikuwa mtupu. Mwenzangu, hebu jiweke mahali pake. Muislamu aliyeswali swala tano kila siku tangu utotoni, akanunue mitungi ya pombe na kuipanga shambani kwake? Léonidas alijitolea kwa moyo mwema aipange yeye, Shafiq atazame pembeni. Shafiq akashukuru na kukataa. Akauliza kama ipo njia nyingine. Léonidas akajikuna kidevu, akasema ipo, ila si ya watu wenye mikono laini: watu hukopeshana siku. Ukinilimia leo, nitakulimia kesho, na pombe haidaiwi.

"Basi nitaanza mimi," Shafiq akasema.

Vita vilikuwa vimewafanya watu waache kushona nguo mpya, hivyo siku za kukaa bure alikuwa nazo tele. Alfajiri alitoka Biryogo na jembe. Kwenye kizuizi cha Kanombe askari walimpekua, wakakuta mkasi na futi ya kupimia nguo mfukoni, wakamuuliza fundi cherehani ana shughuli gani na jembe. Akawajibu kuwa anakwenda kukopesha siku. Walidhani anawatania, wakamweka juani mpaka walipochoka kumtazama. Kesho yake akapita palepale. Mwishowe walimzoea, na mmoja akampa suruali apunguze kiuno.

Alilima kwa kila mtu. Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine juu yake, mpaka jioni sindano ikawa inamponyoka. Watoto walimcheka kwa jinsi alivyolishika jembe, nao wazee wakamcheka kwa siri. Alimlimia Léonidas, akawalimia waliokumbuka ng'ombe na waliokumbuka mgonjwa, asimkumbushe yeyote maandazi. Kwa Nyirarukundo alipanda maharage, na bibi alipomimina mbegu kwenye ungo, Shafiq alishangaa. Zilikuwa nyekundu, nyeusi, njano, za madoadoa, za zambarau, zote zimechanganywa. Akadhani zimechanganyika kwa bahati mbaya, akaanza kuzichambua kwa rangi kama vifungo. Bibi akampiga kofi mkononi.

"Hii inapenda mvua, hii inachukia," akasema. "Mimi najua mvua ya mwaka huu? Ukipanda moja, siku ikikataa unalala njaa."

Shafiq alirudisha mbegu kwenye ungo. Aliwaza shamba lake, mti mmoja juu mpaka chini, na akaelewa kosa lake lote kwa mara moja. Hakukosa kwa kupanda miti. Alikosa kwa kupanda mmoja, mahali pasipofaa, na kudhani ardhi ni sanduku la kuwekea akiba ambalo mtu hulifunga akaenda zake.

Majirani walilipa siku zao. Hawakuja wote pamoja kwa sherehe, walikuja wawili leo, mmoja keshokutwa, kila mtu na shoka na mtaimbo wake. Visiki viling'oka kimoja kimoja, vingine vikiwa na mizizi minene kama paja. Mashimo yalipojazwa walichimba mitaro ya kukata mteremko ili mvua isimame kidogo kabla ya kuteremka, wakapanda matete kwenye kingo zake, na katikati Shafiq akapanda misave, mivumu na miti mingine ya kienyeji aliyoelekezwa, kisha maharage ya rangi zote.

Kiangazi cha mwaka 1992 kikaja, na chemchemi haikutoa hata jasho.

Ilikuwa pigo. Wapo waliosema Mswahili amepoteza miti yake na akili yake. Mtoto wa Nyirarukundo akaja tena, safari hii na pikapu ya kuazima, akapakia kitanda na masufuria. Bibi akapakua masufuria. Walivutana hivyo nusu siku, mwisho mama akamwambia mwanawe maneno ambayo mteremko mzima uliyasikia: ampe kiangazi kimoja tu, na kama hapatakuwa na maji, atapanda gari mwenyewe bila kubembelezwa. Kijana akakubali, akaondoka na kitanda ili mama asisahau ahadi.

Shafiq aliposikia, alizidisha safari. Alikagua mitaro baada ya kila mvua, akaweka nyasi juu ya udongo ulioachwa wazi, akabeba samadi kwa kichwa, na kila chipukizi la mkaratusi lililothubutu kutokeza alilifuata mpaka kwenye kitako chake. Kabagwira alianza kwenda naye, na mikono yake ililijua jembe kuliko ya mumewe, tangu lini hatujui, maana hakuwahi kuulizwa. Masika ya mwaka 1993 maji yalipoteremka toka juu yalikuwa safi, yasiyo na rangi ya matofali. Hiyo ilikuwa dalili njema, lakini wakati wa masika kila mtu ana maji. Walingoja Julai.

Julai ikapita, mafunjo yakageuka rangi. Agosti ikaingia na vumbi lake. Siku moja Shafiq alifika peke yake na kukuta tope la chemchemi ya zamani limekauka vilevile. Kisha akamsikia Nyirarukundo akimwita toka chini, ndani ya migomba.

Maji yalikuwa yametokea huko. Yalikuwa yamepata njia nyingine, hatua kadhaa chini ya ile ya kwanza, kwenye shamba la bibi mwenyewe, membamba kama kidole lakini hayakatiki. Chura mmoja mdogo alijirusha kwenye dimbwi walipokaribia. Nyirarukundo alikuwa ameweka jani la mgomba liongoze maji, na kidumu kilikuwa kimeshajaa, kinamwagika.

Shafiq alinawa uso. Alinawa tena, kwa kuwa machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka yaonekane, ingawa bibi alikwisha kuyaona. Ili aseme neno lolote akauliza kama amempelekea mwanawe habari.

"Nimetuma mtu," Nyirarukundo akasema. "Nimesema alete kitanda yangu."

"Kwa sababu ya maji, mukecuru?"

Bibi alikifunga kidumu, akajitwisha, akakataa kusaidiwa.

"Maji iko," akasema. "Na wewe iko."

Akapanda njia ya kwenda kwake taratibu, mkono uliovunjika ukikishika kidumu kama mwenzake. Shafiq alimtazama mpaka akaingia ndani. Usiku ule angelala tena katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya msikiti, na alilijua hilo. Alipandisha suruali magotini, akachukua jembe, akaenda kusafisha mtaro wa juu kabla jua halijawa kali.