Siku Tuliyoketi Uwanjani

Miaka ya sabini nilikuwa nikisomea uuguzi Birmingham, na wauguzi wenzangu kutoka Ireland walinifundisha mchezo wa jadi wa kwao, wa kupiga mpira kwa gongo, nikajiunga na timu yao. Jumapili moja nahodha wetu alipigwa gongo la kichwa, akaanza kutapika. Mwenyekiti wa kamati ya klabu akasema, "Mfungeni kitambaa, arudi kucheza."

"Harudi, mzee," nikamjibu. "Anakwenda hospitali."

"Wewe ni nani hata uamue?"

Wenzangu wote wakaketi kwenye nyasi. "Ndiye msemaji wetu," wakasema, ingawa hakuna aliyekuwa amenichagua.

Kamati ilitufungia mwezi mzima. Nahodha alilazwa siku nne, akapona. Kikao cha kamati kilichofuata niliingia bila kualikwa, nikavuta kiti, nikakaa.